Tulikata keki Mei, kufika Agosti wauguzi wanne wameondoka

Kwako Mama,

Salamu kutoka Eastlands. Mimi ni msimamizi wa wodi katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Nairobi. Wodi yangu ni ya watu wazima, vitanda 32, na aghalabu vyote vimejaa. Mchana tuko wauguzi wanne ukinihesabu na mimi. Usiku ni wawili. Mmoja akiugua au akiuguza mtoto, anabaki mmoja na msaidizi.

Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, uongozi ulitununulia keki na tisheti zilizoandikwa "Mashujaa Wetu". Mkurugenzi alihutubu, tukapigwa picha, picha zikasambazwa. Tangu siku hiyo wauguzi wanne wameacha kazi. Wawili wamepata kazi ya serikali ya kaunti, mmoja anashughulikia safari ya Uingereza, na wa nne hajapata kazi yoyote. Aliniambia afadhali auze mitumba Gikomba kuliko kurudi wodini. Huyo ndiye anayeninyima usingizi, kwa sababu alikuwa hodari kuliko wote.

Mkurugenzi aliniita akaniuliza, "Hawa watu wanataka nini? Mshahara tunalipa kwa wakati, na keki tumewapa." Amesema mwaka huu hakuna nyongeza, kwa hivyo nitafute njia ya kuwafanya wauguzi wahisi wanathaminiwa, tena bila gharama. Niyalete mapendekezo kwenye kikao cha mwisho wa mwezi.

Niliwauliza wenyewe katika kikao cha wodi, wote wakanyamaza. Baadaye walinijia mmoja mmoja. Kwamba ratiba ya zamu hutumwa kwenye kundi la WhatsApp Jumapili usiku, mtu anagundua kumbe kesho alfajiri ni yeye. Kwamba msichana mmoja alijidunga sindano iliyotoka kwa mgonjwa, akaambiwa dawa ya kinga iko famasi, famasi imefungwa, angoje asubuhi. Kwamba jamaa ya mgonjwa alimzaba muuguzi kofi kwa kuwa dripu ilikuwa imekwisha na hakuna aliyekuja kuibadilisha, na kulipokucha muuguzi ndiye aliyeitwa ofisini kuomba radhi, maana mgonjwa yule analipiwa na bima kubwa. Aliyezabwa kofi ndiye huyo wa Gikomba.

Mama, mimi huwaambia ukweli: hata sisi tulipitia hayo. Nilianza kazi na wagonjwa hamsini usiku, glavu za kuhesabu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Nawatia moyo wavumilie, lakini naona maneno yangu hayawaingii. Nami nina fomu za kazi ya ng'ambo, nimezijaza nusu.

Je, kuna jambo lolote ninaloweza kuwafanyia bila pesa? Au nijaze nusu iliyobaki?

Msimamizi, Nairobi

*

Dada Msimamizi,

Nianze na maneno uliyoyapitia upesi katika barua yako: "hata sisi tulipitia hayo." Yaache. Najua unayasema kwa nia njema, na mimi niliyestaafu kutoka wodini niliyasikia kwa kila metroni niliyemfanyia kazi. Lakini hebu yasikie kwa sikio la msichana aliyejidunga sindano saa nane za usiku. Anachosikia ni kwamba hakuna kitakachobadilika, na kwamba akilalamika ataonekana legelege. Siku nyingine akijidunga ataosha kidole, atabandika plasta, atanyamaza mpaka apate kazi kwingine. Ule ukimya uliokutana nao kikaoni umetokana na hayo.

Na hilo la kuvumilia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii ya mtu kuishiwa nguvu na moyo wa kazi kuwa ni jambo linalotokana na kazi, msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, wala halikuiita ugonjwa. Kwa hivyo ukimwambia muuguzi ajikaze, unampa yeye dawa ilhali kinachougua ni wodi.

Sasa mkurugenzi wako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndiyo maana anaweza kuuliza "wanataka nini" huku ameshika kisu cha keki. Sina ugomvi na keki. Nimeila, na nikialikwa nitaila tena. Ila muuguzi hapimi kwa keki kama kazi inamjali. Anapima siku mambo yameharibika: nani amekuja, amesimama upande gani, na kesho yake kumebadilika nini. Hospitali yenu imepata nafasi mbili za kujibu maswali hayo, usiku wa sindano na usiku wa kofi, na zote mbili imejibu vibaya. Tisheti haziwezi kufuta majibu hayo.

Tulichambue kofi, maana ndilo lililokupokonya muuguzi bora.

Wodi ya wagonjwa 32 na wauguzi wawili ni wagonjwa 16 kwa kila mmoja. Mpe kila mgonjwa dakika tano tu za dawa, hiyo ni saa moja na dakika ishirini kabla hujapima presha hata moja, kabla hujamgeuza yule mzee wa kiharusi asipate vidonda, kabla hujaandika chochote kwenye faili. Dripu ya mililita 500 ikienda mililita 125 kwa saa, inaisha baada ya saa nne. Ukiwa na wagonjwa kumi wenye dripu, kwa wastani kila baada ya dakika 24 kuna chupa moja inayokauka mahali fulani wodini. Muuguzi yuko kitanda cha 9 anamsaidia mtu anayekosa pumzi, kitanda cha 21 chupa imekauka, na mtoto wa mgonjwa amesimama pale anaiangalia na hasira inampanda. Yule kijana hakumwona mkurugenzi aliyepanga wauguzi wawili usiku. Alimwona binti mwenye sare, akamzaba yeye.

Kulipokucha hospitali ikamzaba la pili kwa kumwita aombe radhi.

Huenda uongozi wenu haujaisoma Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Sheria hiyo inampa mhudumu wa afya haki ya kufanya kazi mahali salama, na pia haki ya kukataa kumhudumia mtu anayempiga, anayemtukana au anayemnyanyasa kijinsia, isipokuwa ni dharura na hakuna mhudumu mwingine wa kumwachia. Mgonjwa naye amewekewa wajibu wa kuwaheshimu wanaomhudumia. Hakuna mahali iliposemwa kwamba wenye bima kubwa wameachiliwa. Na kumpiga mtu kofi ni kosa la jinai, liwe limetokea sokoni Muthurwa au wodini. Muuguzi ana haki ya kwenda kupiga ripoti kituo cha polisi, na hospitali inayomjali humpa mtu wa kumsindikiza, humpa na siku hiyo ya mapumziko bila kuikata kwenye likizo yake.

Jambo hili liko mikononi mwako na halina gharama. Tangaza wodini leo: mtu akimshambulia muuguzi, kwa mkono au kwa mdomo, ninayeitwa ni mimi, na nikiwa sipo, ni msimamizi wa zamu. Ndiye atakayezungumza na jamaa za mgonjwa. Muuguzi aliyeshambuliwa haitwi ofisini peke yake, na haombi radhi kwa ajili ya upungufu wa watu ambao hakuupanga yeye. Halafu siku likitokea, lifanye kweli. Mara moja tu ukionekana umesimama pale mlangoni, katikati ya jamaa mwenye hasira na muuguzi wako, habari itafika zamu zote kabla ya chai ya saa nne.

Kuhusu sindano nitasema kwa ukali kidogo. Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali ya namna hiyo, zile tunazoziita PEP, zinapaswa kuanzwa upesi iwezekanavyo na zisivuke saa 72, kisha zinamezwa kwa siku 28. Saa 72 ndizo mwisho wa mlango, hazikuwekwa kuwa muda wa kungojea mwenye funguo. Hatari ya VVU kwa sindano moja yenye damu ya mtu aliye na virusi ni takriban watu 3 kwa 1,000, ni ndogo, lakini mwambie hivyo mtu anayeketi kwenye kaunta ya wodi mpaka saa mbili asubuhi akikitazama kidole chake. Homa ya ini aina ya B ni mbaya zaidi: kwa asiyechanjwa, hatari yaweza kufika hadi 30 kwa 100. Chanjo yake ni dozi tatu, na ni ya zamani. Waulize wauguzi wako wangapi wamemaliza zote tatu. Jiandae kushtuka.

Kwa hiyo mwendee mfamasia. Omba dozi za siku za mwanzo ziwekwe kwenye kabati la dawa la wodi, zisainiwe kama zinavyosainiwa dawa nyingine, na bandika ukutani karatasi moja: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, mpigie fulani, meza dozi ya kwanza, fomu itajazwa baadaye. Wengi huanza na fomu. Gharama za matibabu ya ajali ya kazini ni za mwajiri chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007, na mwajiri anatakiwa kuiripoti ajali kwa idara ya usalama kazini ndani ya siku saba. Tena, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria ya usalama kazini, nayo ya 2007, inataka kamati ya usalama ambamo wafanyakazi wana wawakilishi wao. Uliza kama kwenu ipo na ilikutana lini. Nina hisia jibu litakuwa la kuchekesha.

Ratiba ni jambo dogo kwa anayeipanga na kubwa kwa anayeisubiri. Muuguzi anayekaa Kayole na mtoto wa chekechea anahitaji kujua wiki ijayo nani atamchukua mtoto. Zamu ikiisha saa moja unusu jioni na mvua inanyesha, nauli ya matatu inapanda na Outering Road inasimama, anafika nyumbani mtoto amelala. Sasa mtumie ratiba Jumapili usiku. Itoe wiki mbili kabla, kila Jumatano, na atakayetaka kubadilishana na mwenzake abadilishane mwenyewe, wewe uweke sahihi tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku ya ofu ni ya ofu. Usimpigie mtu simu umuulize funguo za stoo ziko wapi.

Sasa lile la idadi, ambalo mkurugenzi atakuambia halina dawa bila pesa. Ni kweli, halina. Hapo ndipo nakusihi usikubali lile sharti lake la "bila gharama", maana ukilikubali utarudi wodini na mashindano ya Muuguzi Bora wa Mwezi. Utafiti wa Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi, na wenzake uliochapishwa 2002 uliangalia hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kuishiwa nguvu kabisa unapanda kwa asilimia 23. Wale walikuwa wakibishania wagonjwa wanne au wanane. Ninyi mko 16. Mwaka 1999 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi, ikaanza kutekelezwa 2004. Sikutajii California ili mkurugenzi acheke. Nakutajia ili ujue kwamba wauguzi wako wanapolalamika juu ya idadi wanazungumzia maisha ya wagonjwa, na bodi ya hospitali haiwezi kulisikiliza hilo kama malalamiko ya wavivu.

Anza daftari. Kila zamu, mistari mitatu: wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi, na nini hakikufanyika. "Wagonjwa 31, wauguzi 2. Presha za saa nane hazikupimwa kwa wagonjwa 11. Dripu tatu zilikauka." Wasilaumiwe kwa wanachoandika humo, lasivyo daftari litakufa wiki ya kwanza. Jamaa akija na kofi lake, daftari litaonyesha nani alikuwa wapi. Na kwenye kikao chako mwisho wa mwezi, peleka kurasa hizo badala ya orodha ya mapendekezo ya kufurahisha watu. Karibu nazo weka hesabu ya fedha, maana lugha hiyo mkurugenzi anaielewa: wauguzi wanne walioondoka, zamu ngapi zimezibwa na watu wa lokamu, yaani wauguzi wa kukodi kwa zamu, mmelipa kiasi gani kwa kila zamu, na muda gani muuguzi mpya anatembea nyuma ya mwenyeji kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yake. Ukijumlisha, pengine utakuta hospitali imekwisha kutumia mshahara wa muuguzi wa tatu wa usiku bila kumpata.

Omba huyo wa tatu. Omba mtu mmoja, zamu ya usiku, usitawanye maombi.

Kuna jambo jingine ambalo Wamarekani waligundua zamani. Mwaka 1983 walichunguza hospitali 163 wakati uhaba wa wauguzi ulikuwa umewabana, wakakuta 41 ambazo wauguzi hawazikimbii. Mishahara ilikuwamo, lakini kilichojirudia ni kwamba mkuu wa wauguzi alikuwa na kiti penye maamuzi, wasimamizi walionekana wodini, na muuguzi aliachiwa kuamua mambo ya kazi aliyoisomea. Kwenu metroni anaingia vikao vya bajeti? Kama bajeti ya glavu inapangwa na watu ambao hawajavaa glavu tangu wazaliwe, basi kikao chako cha wodi kitaendelea kuwa kimya. Watu hawasemi mahali ambapo kusema hakujawahi kuzaa kitu. Chagua lalamiko moja dogo kati ya yale waliyokunong'onezea, lile la ratiba ndilo jepesi, lirekebishe wiki hii, kisha waambie: mlisema, nimebadilisha. Kikao kijacho wawili watafungua mdomo.

Usisahau vifo. Mgonjwa wa miaka ishirini na kitu akifa saa tisa usiku, baada ya kukandamizwa kifua na kupuliziwa pumzi kwa nusu saa ili kumwokoa, muuguzi anamfunika, anampigia simu mama yake, halafu anaenda kuwapa wengine dawa za saa kumi na mbili kana kwamba hakuna kilichotokea. Asubuhi, kabla hawajaenda steji, waketishe dakika kumi na chai. Uliza nini kilikwenda sawa, nini kilikosekana, na nani asiendeshe gari kurudi nyumbani. Chai hiyo itoke jikoni kwa hospitali, usiitoe mfukoni mwako. Nawajua wasimamizi kama wewe.

Nawe usiyabebe yote. Mshahara ni mshahara, na sitakuambia kwamba maneno matamu yanalipa karo ya shule. Serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitia saini makubaliano ya ajira za wahudumu wa afya mwaka 2021, njia ipo, na kila mwenye leseni anaijua. Waliokwenda kaunti pia wanafuata kazi ya kudumu na pensheni. Hao wawili na yule wa Uingereza huenda wangeondoka hata ungekuwa malaika. Wa Gikomba aliondoka kwa sababu ya asubuhi ile ofisini. Mpigie simu. Usimwombe arudi, bado hujapata la kumwahidi. Mwambie kwamba kuitwa kwake kuomba radhi kulikuwa kosa, na muulize kama yuko tayari kuandika maelezo yake uyaingize kwenye kikao. Akikataa, mwache.

Fomu zako zimalize. Sisemi uondoke. Nasema ziweke tayari, kwa sababu msimamizi anayejua ana pengine pa kwenda huongea vizuri zaidi mbele ya mkurugenzi, na wewe kikao hicho unahitaji uongee. Lakini usizitaje humo ndani. Ukitishia kuondoka, mazungumzo yatageuka kuwa juu yako, na daftari halitafunguliwa. Omba muuguzi wa tatu, omba dawa za kinga kwenye kabati la wodi, omba barua ya uongozi inayosema muuguzi aliyeshambuliwa haombi radhi. Mawili ya mwisho ni karatasi na funguo tu. Wakikukatalia hata hayo, utakuwa umepata jibu la swali lako la mwisho, na utajua la kufanya na hiyo nusu ya fomu.